Ubingwa wa Joe Louis na Thamani ya Wapinzani Wake

Joe Louis, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1914, alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu mjini Chicago tarehe 22 Juni 1937, kwa kumwangusha James J. Braddock katika raundi ya nane. Hakushindwa tena mpaka alipojiuzulu mwaka 1949, naye alikuwa ameutetea ubingwa huo mara 25. Katika uzito huo hapana aliyepata kuifikia hesabu hiyo. Walakini hesabu ya mapambano ni jambo moja, na thamani ya walioshindwa ni jambo jingine.

Wenye kumpunguzia sifa hutaja muda wa Desemba 1940 hadi Juni 1941, alipopigana mara saba katika miezi saba, hata waandishi wa magazeti wakawabeza wapinzani wake kuwa ni goigoi wa kila mwezi. Dhihaka hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Buddy Baer alimtupa Louis nje ya kamba katika raundi ya kwanza. Billy Conn, baada ya raundi 12, alikuwa mbele kwa hesabu ya waamuzi wawili kati ya watatu, ndipo akaangushwa katika raundi ya 13. Tena, apiganaye kila mwezi hawezi kukutana na shujaa kila mwezi. Jack Dempsey, aliyekuwa bingwa tangu 1919 hadi 1926, aliutetea ubingwa wake mara tano tu.

Dosari iliyo nzito zaidi ni nyingine. Tangu Jack Johnson aliposhindwa mwaka 1915, hapana mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kuwania taji hilo kwa miaka 22; Harry Wills alimngoja Dempsey hata ujana ukampita. Louis aliupita mlango huo, lakini nyuma yake haukufunguka sana. Katika mapambano yale 25, ni matatu tu aliyopigana na watu weusi: moja na John Henry Lewis mwaka 1939, na mawili na Jersey Joe Walcott. Jimmy Bivins, mmoja wa wapiganaji hodari wa miaka ya vita, hakupata kamwe kuwania taji. Na Walcott alipopewa nafasi mwaka 1947, alimwangusha Louis mara mbili, na waamuzi wenyewe wakagawanyika.

Basi upungufu wa Louis hauko kwa wale waliokuja, bali kwa wale ambao hawakuitwa, na lawama yake huwaangukia kwanza waliotawala biashara ya mchezo huo. Kwa upande wake mwenyewe, Louis hakumkimbia aliyemtaabisha. Schmeling, aliyemshinda mwaka 1936, alimaliziwa katika raundi ya kwanza mwaka 1938. Godoy, Conn na Walcott walirudiwa vilevile, na kila mmoja aliangushwa kabla ya raundi 15 kutimia. Kipimo hicho chafaa kuliko hesabu ya 25.