Namna ya Kuangamiza Kunguni Nyumbani kwa Njia za Asili bila Kuacha Chandarua

Kaya nyingi za Endabash, wilayani Karatu, huishi kwa kilimo cha mahindi, maharage na mbaazi, na kiuatilifu cha shambani mara nyingi huwekwa katika nyumba hiyo hiyo wanamolala watoto. Ukaribu huo huwafanya baadhi ya watu kukimbilia dawa ya shambani pindi kunguni wanapoonekana kitandani. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Ikipuliziwa godoro, anayelala juu yake huivuta usiku kucha na kuigusa kwa ngozi. Mafuta ya taa nayo, yakimwagwa kwenye chaga, husubiri cheche moja tu ya kibatari.

Kunguni hana mabawa wala haruki, huletwa. Huingia katika begi la mwanafunzi anayerudi kutoka bweni, katika mizigo ya msafiri, au katika kitanda na godoro lililokwishatumika. Kunguni aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, naye hujificha mchana katika mishono ya godoro, maungio ya kitanda, nyufa za ukuta na nyuma ya picha. Haijathibitika kwamba huambukiza binadamu magonjwa, lakini kuumwa kila usiku huondoa usingizi, mikwaruzo hupata usaha, na mtoto anayeumwa na kunguni wengi kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa damu.

Lipo kosa la pili, tena hatari zaidi: kuondoa chandarua kwa kudhani kwamba ndicho kilicholeta kunguni. Dhana hiyo ina historia yake. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika katika vijiji vya Muheza, mkoani Tanga, kunguni walitoweka na wananchi wakavipenda kwa sababu hiyo. Baada ya miaka kadhaa kunguni walirejea, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa ya aina ile ile. Chandarua hakikuwaleta, kilikuwa kimeacha kuwaua. Mbu anayeeneza malaria bado huzuiwa na wavu wenyewe, na kaya inayokitupa hujiepusha na muwasho ikajiingiza katika homa.

Usugu huo unagusa hata njia moja ya asili. Pareto, ua linalolimwa nchini, ndilo mfano ambao dawa za vyandarua ziliigwa kutokana nalo; kwa hiyo kunguni aliyezoea dawa hizo anaweza kustahimili pareto pia. Neno «asili» pekee si ushahidi kwamba kitu kinafanya kazi. Majani ya mwarobaini, kwa mfano, yanasifiwa sana, lakini hayatoshi kumaliza kunguni na mayai yao.

Silaha ya uhakika ni joto. Kunguni na mayai yake hawastahimili joto linalozidi nyuzi 55 za Selsiasi. Shuka, foronya, nguo na chandarua viondolewe kitandani vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, ili wadudu wasidondoke njiani. Shuka na nguo zinazostahimili maji ya moto zilowekwe humo kabla ya kufuliwa. Chandarua chenye dawa hakilowekwi katika maji ya moto: kikaguliwe mishono, kioshwe taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisha kianikwe kivulini. Kitanda kifunguliwe na kutolewa nje, na maji yanayochemka yamiminwe polepole katika kila tundu, ungio na ncha ya chaga, watoto wakiwa mbali. Maji yaliyopoa njiani kutoka jikoni hayana faida.

Godoro husuguliwa mishono kwa brashi ngumu, kisha huwekwa juani. Hapa hali ya hewa ya Karatu ihesabiwe. Kati ya Juni na Agosti nyanda hizo huwa na baridi, na godoro lililoanikwa tu hupata uvuguvugu ambao kunguni huukimbia kwa kuingia ndani zaidi. Kulizungushia nailoni nyeusi huongeza joto, lakini ni vema kusubiri siku ya jua kali.

Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo laini au saruji, maana kila ufa ulio wazi ni makazi. Kitanda kirudishwe kikiwa mbali kidogo na ukuta, kila tendegu likisimama ndani ya kopo lenye maji ya sabuni, na shuka zisiguse sakafu.

Wakulima wa maharage wana msaada mwingine shambani mwao. Katika nchi za Balkani, zikiwamo Bulgaria na Serbia, watu walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni kuzunguka kitanda usiku, na asubuhi wakayakusanya na kuyachoma pamoja na kunguni walionaswa. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walieleza sababu: jani lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoano, ambavyo hutoboa mguu wa kunguni na kumshikilia. Majani yawe mabichi, kwani yakinyauka hayanasi vizuri. Njia hii hupunguza idadi tu, haifikii mayai.

Mayai ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa. Katika joto la kawaida huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na hukawia zaidi wakati wa baridi. Kwa hiyo kazi ya maji ya moto na ukaguzi irudiwe kila wiki kwa muda usiopungua wiki sita, na vyumba vyote vishughulikiwe siku moja. Kuhama chumba hakusaidii, kwa kuwa kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula.

Endapo bado wanaonekana baada ya hapo, mwananchi amwone afisa afya wa kata kabla ya kununua dawa yoyote. Kiuatilifu kitakachotumika ndani ya nyumba kiwe kimesajiliwa kwa matumizi hayo na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao yake makuu Ngaramtoni, mkoani Arusha, na kiwe katika chombo chake halisi chenye maelezo yanayosomeka.