Nani Alimfanya Bibi Awe Mweupe? Historia ya Kuediti Picha, Kutoka Chumba cha Giza Hadi Simu Yako

Leo sina habari ya staa aliyeachwa wala aliyenunua gari. Leo nina picha moja ya bibi yangu, na ugomvi mdogo uliotokea nyumbani kwetu Lituhi kwa sababu ya picha hiyo.

Iko hivi. Ilikuwa inakaribia misa ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu bibi atutoke. Mimi kama mjukuu "anayejua simu" nikapewa kazi ya kutengeneza albamu: picha zote za bibi, maneno machache, ikae kwenye simu za ndugu walio Dar na Songea, na moja ichapishwe ibaki nyumbani. Kazi nyepesi kabisa, nikajisemea.

Tatizo likawa hili. Bibi akiwa binti alipigwa picha moja tu. Nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mtoto, imekunjwa katikati, kona moja imeliwa na mchwa. Nikaipeleka steshenari moja mjini. Jamaa akaiskani, akabonyeza bonyeza, robo saa nyingi. Mkunjo umekwisha, kona imerudi, nyuma kumewekwa bustani ya maua. Nikalipa nikaondoka natabasamu.

Mama akaishika ile picha, akaitazama, akaigeuza nyuma kama anatafuta jina. Akaniuliza, "Huyu ni mama wa nani?"

Nilipoangalia vizuri nikaelewa. Bibi alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa. Kwenye ile picha alikuwa mweupe kama binti wa tangazo la sabuni. Halafu kwenye paji la uso bibi alikuwa na chale tatu, zile za wazee wetu. Hazipo! Programu ilidhani ni uchafu, ikapiga pasi.

Basi tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia: hivi hizi programu zinatoka wapi, na nani aliziambia uso mzuri unafananaje?

Kuediti ni kwa zamani kuliko kompyuta

Kwanza tuondoe uongo mmoja mtaani, kwamba "zamani picha zilikuwa za kweli." Wapi! Tangu enzi za kioo na mkanda, mafundi walikuwa wanachora juu ya negativu kwa penseli iliyochongwa kama sindano, wanafuta chunusi na mikunjo. Picha nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa mkono, shavu likawa na wekundu na gauni likawa la bluu hata kama lilikuwa kijani.

Pwani yetu imeliona hilo mapema. Pale Mji Mkongwe Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuendeleza kazi. Kule Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, bila chuo. Yule mzee aliunganisha negativu kwenye chumba cha giza mpaka mtu akatokea mahali ambapo hajawahi kusimama maishani. Bila panya, bila skrini. Unaona wewe na apu yako ya kukata mandharinyuma? Mwenzako alifanya kwa mkasi na mwanga.

Na pale Likoni, Mombasa, kwenye kivuko, wapiga picha wa barabarani walijenga vibanda vyenye pazia zilizochorwa ndege, meli kubwa na maghorofa. Mtu ametoka bara kutafuta kazi, hana hata chumba chake, anapiga picha kama anapanda ndege, anaituma nyumbani. Tusiwacheke. Leo nani kati yetu hajaweka Dubai nyuma ya mgongo wake?

Kwa hiyo swali la "picha imeeditiwa au haijaeditiwa" halina maana sana. Swali ni nani ameediti, na mwenye sura alitaka nini. Mteja wa Likoni alichagua ndege yake mwenyewe. Bibi yangu hakuchagua kuwa mweupe.

Weupe ulianzia kwenye mkanda

Hapa ndipo nilipopata hasira kidogo. Wakati wa kusafisha picha za rangi, maabara zilihitaji kipimo cha kujua rangi zimekaa sawa. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa inazitumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha za mwanzo. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Wengine je? Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani za harusi unaona shela linang'aa, meno yanang'aa, na uso umebaki kivuli.

Na unajua walioisukuma kampuni irekebishe? Wataalamu wanasema malalamiko yaliyosikika sana yalikuwa ya wauza samani na wauza chokoleti, kwa sababu mbao nyeusi na chokoleti nyeusi hazikutofautiana vizuri kwenye picha. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Huku ziwani tulikuwa na shida zetu za ziada. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Ukipigwa ya kwanza, unasubiri wenzako 35 wapigwe, ndipo fundi apande gari kwenda Songea kusafisha. Wazee wanasema mtoto alipigwa picha anatambaa, picha ikarudi anakimbia. Ndiyo maana picha moja ilitunzwa kwenye sanduku pamoja na vitenge vya thamani.

Halafu ikaja kompyuta

Mwaka 1987 kijana mmoja wa Marekani, Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alianza kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake. Baba yake alikuwa na chumba cha giza nyumbani, kwa hiyo dogo alikua anajua kazi ya mkono. Kaka yake John aliyekuwa anafanya kazi ya madoido ya filamu akaingia, na Adobe wakaitoa kama Photoshop Februari 1990, kwa kompyuta za Macintosh tu. Picha ambayo John aliitumia kuonyesha uwezo wake ilikuwa ya mpenzi wake amekaa ufukweni Bora Bora, ambaye baadaye walioana. Yaani hata Photoshop ilianza na picha ya albamu ya familia.

Vitu vitatu vilivyofuata ndivyo vinavyotuhusu sisi watengeneza albamu. Mwaka 1994, toleo la 3, yakaja matabaka: unaweka picha chini, maandishi juu, ua pembeni, kila kimoja kwenye karatasi yake, ukikosea unatoa kimoja bila kuharibu vingine. Mwaka 1998, toleo la 5, ukaweza kurudi nyuma hatua nyingi. Na mwaka 2002, toleo la 7, ikaja brashi ya kuponya, inayoziba mikwaruzo kwa kuiga sehemu ya jirani. Brashi hii ndiyo rafiki wa picha za kale, na ndiyo inaweza kula chale za bibi yako. Yenyewe haijui tofauti ya ufa wa karatasi na alama ya ukoo. Anayejua ni mtu aliyeshika panya.

Toleo hilo la 7 lilikaa sana kwenye steshenari zetu, nakala za kuchakachua zikipita kwenye CD mkono kwa mkono. Mwaka 2013 Adobe wakahamia kwenye malipo ya kila mwezi, na hapo wengi wetu tukabaki nje ya geti tunachungulia.

Bure nayo ina historia yake

Kulikuwa na Picasa. Google waliinunua 2004, ikawa bure, inapanga picha, inatengeneza kolaji. Wengi tuliipenda. Machi 2016 wakaacha kuihudumia. Funzo: bure ya kampuni ni ya kampuni, siku yoyote mwenye nyumba anaweza kufunga mlango.

GIMP ni bure ya aina nyingine. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, ikatoka 1996, na msimbo wake uko wazi, hakuna mtu mmoja anayeweza kuufungia kabatini. Ina matabaka, ina brashi ya kuponya. Ubaya wake ni kompyuta inahitajika, na mwanzoni sura yake inatisha.

Kwenye simu, Snapseed ilitoka 2011 na Google wakaichukua 2012; ni ya bure, nyepesi, nzuri kwa mwanga na mikwaruzo midogo. PicsArt nayo ilitoka 2011, ina stika na kolaji za kumwaga, baadhi bure na baadhi za kulipia. Canva ya Australia ikafuata 2013, hiyo ni nzuri kupanga kurasa na maandishi kuliko kutibu uso.

Sasa uchague ipi?

Baada ya kuungua, mimi naangalia mambo haya tu:

1. Je, inapendezesha uso bila kuulizwa? Kama filta ya kulainisha na kung'arisha inajiwasha yenyewe, izime. Haizimiki? Futa programu.

2. Je, ina matabaka na inakuruhusu kurudi nyuma? Picha ya mtu aliyefariki hairudiwi kupigwa.

3. Je, kazi yako unaweza kuitoa ikiwa kubwa? Kuchapisha picha ya inchi 4 kwa 6 kwa ubora mzuri unahitaji kama pikseli 1200 kwa 1800. Na ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, itume kama faili.

4. Je, inafanya kazi bila bando? Mnaokaa kwenye mtandao wa kuruka ruka mnanielewa.

5. Nakala asili usiiguse. Skani kwanza, ihifadhi sehemu mbili, halafu chezea nakala.

Wamarekani wana mapenzi na vitabu hivi vya kumbukumbu tangu zamani. Mwandishi Mark Twain alipata hataza mwaka 1873 ya albamu yenye kurasa zilizopakwa gundi tayari, unalowesha unabandika. Lakini gundi yake haikubadilisha sura ya mtu. Ndiyo kipimo changu siku hizi: programu ya albamu iwe gundi nzuri tu.

Mkunjo

Nilirudia kazi. Niliazima laptopu ya rafiki, nikatumia GIMP, usiku tatu. Nikaziba kona iliyoliwa na mchwa. Nikaongeza mwanga kidogo kwenye macho, ngozi nikaiacha na weusi wake. Chale tatu nikazikuza karibu, nikapita pembeni yake kama mtu anayepalilia mche.

Nilipofika kwenye ule mkunjo wa katikati, mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema, "Huo uache." Nikamwambia mama, huu ndio ubovu mkubwa kuliko wote. Akasema babu ndiye aliyeikunja. Alipokwenda kukata mkonge Tanga aliikunja ikae kwenye mfuko wa shati, akaenda nayo, akarudi nayo.

Miaka yote nimeiona ile picha, sikuwahi kujua. Na jamaa wa steshenari aliufuta ule mkunjo wa kwanza kabisa, na mimi nikamlipa.

Kwenye albamu mkunjo upo, chini yake nimeandika sababu. Siku ya misa mama aliishika, hakuigeuza nyuma. Akasema tu, "Haya, sasa nimemwona," akampa dada yake.

Nawe una picha gani nyumbani yenye doa ambalo hujawahi kuuliza limetoka wapi? Kabla ya kufungua programu yoyote, muulize mzee mmoja. Halafu njoo hapo chini utusimulie.