RANGI ZA KUCHA ZA NYOTANYOTA: NIMEZIJARIBU KIDAHWE, HAYA NDIYO MAJIBU

Niko Kidahwe, pale njia panda, huku Kasulu na kule Uvinza. Leo mada ni kucha, hasa zile rangi za kumetameta ambazo wengine wanaziita glita na wengine nyotanyota. Wanaume msikimbie. Mitaani wengi wanaozunguka na kikapu cha chupa za rangi wakipaka kucha za akina mama ni vijana wa kiume, na hiyo ndiyo ajira yao. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, inaweza kukufaa.

Nilinunua chupa nne za bei ya chini Mwanga, mjini Kigoma, nikajipaka kwa wiki sita. Mikono yangu ni ya kazi: inasonga ugali, inafua, inachambua dagaa. Rangi ikidumu kwangu, kwako itadumu.

NYOTANYOTA NI NINI HASA
Rangi ya kawaida ya kucha ni nitroselulosi, jamii ileile iliyowahi kupakwa kwenye magari, ikiwa imeyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka haraka hewani. Ndiyo maana inanuka vile. Nyotanyota zenyewe ni vipande vidogo sana vya plastiki vilivyopakwa alumini ili viakisi mwanga. Vipande hivyo ni vizito, vinazama chini ya chupa. Usiitikise chupa kama soda, utaingiza mapovu na yatatokea kwenye kucha. Igeuze kichwa chini dakika chache, halafu iviringishe kati ya viganja.

KABLA YA KUPAKA
Saluni nyingi wanaanza kwa kuloweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi niliulowesha mkono wa kushoto, wa kulia nikauacha mkavu. Wa kushoto ulianza kubanduka siku ya pili, wa kulia ukafika siku ya sita. Sababu ni rahisi: kucha inanyonya maji na kuvimba, ikikauka inasinyaa, na rangi iliyokaa juu yake inaachia. Kwa hiyo osha kwa sabuni, kausha vizuri, kisha futa kila kucha kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ili mafuta yote yatoke.

Tupa ya kucha ipeleke upande mmoja, usiende mbele na nyuma kama msumeno, kucha itachanika ncha.

Sasa kile kingozi kilichozunguka shina la kucha. USIKIKATE. Kile ni mlango unaozuia vijidudu visiingie. Kikikatwa, kidole kinavimba na kutunga usaha. Kisukume taratibu kwa kijiti ukishatoka kuoga.

KUPAKA: NJIA TATU NILIZOPIMA
1. Brashi moja kwa moja. Ni rahisi, lakini nyotanyota zinakaa chache na zinakusanyika pembeni.
2. Sponji. Kata kipande kidogo cha sponji mpya ya kuoshea vyombo, paka rangi juu yake, halafu gongagonga kwenye kucha. Sponji inanyonya kimiminika, nyotanyota zinabaki juu ya kucha zimejaa. Hii ndiyo mshindi, si mchezo.
3. Ncha tu. Kucha nzima unapaka rangi moja, nyotanyota unaweka nchani. Inatumia rangi kidogo, na kucha ikikua haionekani vibaya.

Njia yoyote utakayochagua, anza na safu moja nyembamba ya ile isiyo na rangi, malizia na nyingine juu, na uifunike mpaka ukingo wa kucha. Safu mbili nyembamba zinashinda moja nene. Subiri kila safu ikauke. Kutumbukiza vidole kwenye maji baridi hakukaushi rangi mpaka ndani. Juu panaonekana pagumu, chini bado laini. Dakika kumi ukigusa utaona imekauka, ila usianze kufua. Mimi napaka usiku kazi zikiisha.

Rangi ikiwa nzito kwa joto, usiongeze dawa ya kutolea wala petroli. Dawa inaifanya rangi isishike, petroli ni sumu na hatari ya moto.

KUTOA: HAPA NDIPO WENGI WANAUMIA
Nyotanyota zinang'ang'ania, na watu wanazibandua kwa meno au wembe. Ukibandua hivyo unaondoka na ngozi ya juu ya kucha yenyewe. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kucha iliyoharibika mpaka shina inahitaji karibu miezi 6 kujirudishia. Fanya hivi: lowesha pamba kwa asetoni, iweke juu ya kucha, funga kwa kipande cha nailoni au foili, subiri dakika kumi, kisha vuta kuelekea nchani. Halafu paka mafuta, maana asetoni inakausha sana. Huku kwetu mafuta ya mise yapo na yanafanya kazi vizuri. Mawese nayo yanalainisha ila yanaacha rangi.

Umeme ukikatika, acha kabisa. Asetoni na kibatari au mshumaa havikai chumba kimoja. Mvuke wake unashika moto hata ukiwa mbali na chupa.

Pamba iliyotumika usiitupe mtaroni. Nyotanyota ni plastiki, na maji yetu ya mvua mwisho wake ni Ziwa Tanganyika, tunakovua na kunywa. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia nyotanyota za plastiki zinazouzwa zikiwa chenga tupu mwaka 2023.

MAMBO YA KUZINGATIA
- Wembe na mkasi wa kuzunguka mikono ya watu wengi vinaweza kusambaza homa ya ini na VVU. Kwa mpaka rangi wa mtaani, nenda na wako.
- Rangi inaweka tabaka linalozuia maji kufika kwenye kucha, kwa hiyo masheikh wengi wanasema iondolewe kabla ya udhu. Hina inapaka rangi bila tabaka, ndiyo maana Ujiji haijawahi kuisha. Ila piko iliyochanganywa na dawa nyeusi ya nywele inaweza kuunguza ngozi.
- Unakwenda kufanyiwa upasuaji, au kujifungua kumekaribia? Toa rangi. Wauguzi wanaangalia kucha kujua kama damu ina hewa ya kutosha, na kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kudanganywa na rangi nzito.
- Kucha za kubandika na jeli ni habari nyingine. Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alizuia wabunge kuingia bungeni na kucha na kope za bandia, akitaja afya. Ulaya nao, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, wamepiga marufuku kemikali ya TPO iliyokuwa kwenye baadhi ya jeli.
- Vipodozi kwetu vinasimamiwa na TBS tangu 2019, kazi hiyo ilipotoka TFDA. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, iache dukani.

Dada mmoja jirani alikuwa ameacha kujipaka kwa sababu kucha zake zilikuwa zimelainika kama karatasi. Tatizo halikuwa rangi, lilikuwa kubandua kwa meno. Sasa anatumia pamba na nailoni, na Jumamosi anawapaka wenzake kwa malipo. Mtaji wake: chupa tano, sponji moja, na kila mteja anakuja na wembe wake.

Mwenye njia nyingine aimwage hapa chini. Kazi njema wadau.