Kamera ya Mzee Bado Yafaa? Mwongozo wa Kamera za Filamu kutoka Eastlands

Nyumba za zamani za kaunti huku Eastlands zinaondoka moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Familia zinapohama, vitu vya kwanza kutupwa ni vile ambavyo vijana hawajui kazi yake: kamera ya marehemu babu katika mkoba wa ngozi uliochanika, na bahasha za negativu zilizokaa chini ya kitanda miaka na miaka.

Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Buruburu. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya kamera hizi kutoka Kaloleni, Shauri Moyo, Jericho na Pumwani, na mara moja moja kwenye mitumba ya Gikomba. Sizipangi kabatini ziangaliwe. Nazitia filamu, napiga picha. Jamaa wa nyumbani wakisikia hivyo huniuliza swali moja: "Hii ya mzee wetu bado yafaa?" Jibu haliko kwenye jina la kamera. Liko kwenye ukubwa wa filamu inayokula.

Ukubwa wa filamu, mmoja mmoja

*Milimita 35.* Hii ndiyo filamu ya kikopo kidogo ambayo wengi wetu twaikumbuka. Kodak walianza kuiuza ndani ya kikopo hicho mwaka 1934. Picha moja ni milimita 24 kwa 36, na mkanda mmoja hutoa picha 24 au 36. Kamera nyingi utakazokutana nazo mitaani ni za kundi hili: Zenit za Urusi, Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976, Canon AE-1, Olympus Trip 35. Filamu yake bado inatengenezwa viwandani, kwa hivyo anayeanza na aanzie hapa.

*Namba 120.* Hii ni kongwe zaidi, ilitoka mwaka 1901, na bado inatengenezwa. Haina kikopo. Imeviringwa pamoja na karatasi kwenye spuli, na upana wake ni kama sentimita 6. Mkanda huohuo hutoa picha 12 za mraba kwenye Yashica Mat au Rolleiflex, zile kamera za lenzi mbili ambazo mpiga picha huinamia akaangalia kwa juu. Kwenye kamera ya kukunja ya sentimita 6 kwa 9 hutoa picha 8. Negativu ya mraba ina eneo linalozidi mara tatu lile la milimita 35, ndiyo maana picha za studio za zamani huonyesha hata nyuzi za kofia.

*Namba 620.* Ni filamu ileile ya 120, ila spuli yake ni nyembamba. Filamu hii iliachwa kutengenezwa miaka ya 1990, lakini kamera haijafa. Ndani ya giza totoro unaweza kuihamisha filamu ya 120 kwenye spuli ya 620. Unahitaji spuli mbili, moja ya kubeba filamu na moja ya kuipokea. Ukipewa kamera ya aina hii, fungua mgongo uangalie kama spuli ya zamani imo. Usiitupe.

*Namba 127, 110 na 126.* Hapa ndipo watu hutoa pesa bure. Filamu ya 126 ilikuja mwaka 1963 na ya 110 mwaka 1972, zote katika kikasha cha plastiki. Ile ya 110 hupatikana kwa uchache, lakini picha yake ni milimita 13 kwa 17 tu. Ya 127 ni adimu, na ya 126 imekwisha. Kamera hizi ziweke kama kumbukumbu ya familia, usizinunue kwa nia ya kuzitumia.

*Filamu ya karatasi moja moja.* Kamera kubwa za inchi 4 kwa 5 hupiga picha moja kwa kila kipande. Negativu yake ni kama mara 15 ya milimita 35. Kila picha ni gharama, na bila stendi ya miguu mitatu haiendi. Si ya kuanzia.

Kwa nini negativu ni mali

Studio ya Parekh mjini Mombasa, Bakor ya Lamu na Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zimetuachia sura za watu wetu kwa sababu filamu na picha zake zilihifadhiwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye kazi yake ya mwaka 1984 iliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia, alifariki mwaka 1996, lakini hazina ya picha zake ingali nasi. Picha ya karatasi ikichanika, negativu huitoa upya. Negativu ikitupwa, mambo yameishia hapo.

Huku Pumwani, Waswahili wamekaa tangu miaka ya 1920. Kuna harusi, maulidi na timu za mpira zilizopigwa picha mtaani ambazo hazimo katika kitabu chochote. Ziko kwenye bahasha zile za chini ya kitanda.

Kukagua kabla ya kununua

Fungua mgongo wa kamera. Umulike ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kamera zinazotoka pwani huwa nayo sana kwa sababu ya unyevu wa hewa. Kidogo ukingoni si neno. Ikienea katikati, picha hutoka na ukungu.

Weka kasi ya sekunde 1, bonyeza, usikilize. Shata ikikwama au ikivuta muda, kamera inahitaji fundi. Angalia nyumba ya betri kama imeota kutu ya kijani. Gusa sifongo nyeusi pembezoni mwa mlango. Ikishika vidole kama lami, mwanga utapenya. Dawa yake ni rahisi: kwangua, safisha, kisha bandika uzi mweusi wa sufi.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Betri ya vifaa vya kusikilizia, namba 675, ina volti inayokaribia hiyo. Na kama kipima mwanga kimekufa kabisa, tumia kanuni ya wazee: kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua kali, tundu la lenzi liwe 16 na kasi 1 kwa 125. Kukiwa na mawingu mepesi, fungua hadi 11.

Kusafisha filamu pale maji ni ya mgao

Filamu ya rangi husafishwa kwa dawa yenye nyuzi joto 38, na ni afadhali kuipeleka kwa wenye mashine. Ya rangi nyeusi na nyeupe waweza kuisafisha nyumbani kwa nyuzi 20. Nairobi wakati wa baridi ya Julai maji ya mfereji hayako mbali na hapo. Mombasa itakubidi uweke chombo cha dawa ndani ya beseni lenye barafu. Dawa ikiwa ya moto, muda hupungua, na ukishuka chini ya dakika 5 filamu huweza kutoka na mabaka.

Jambo linalotutisha Eastlands ni maji ya kusuuzia. Iko njia inayofaa kama ulitumia dawa ya kugandishia isiyo na kigumishi. Jaza chombo maji, kipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, kipindue mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, kipindue mara 20, mwaga. Maji ya jagi moja au mawili yatosha kwa mkanda mmoja. Dawa iliyotumika ina madini ya fedha. Usiimwage bustanini wala karibu na kisima.

Kuhifadhi na kusafirisha

Usiiache kamera ndani ya mkoba wa ngozi, khasa pwani. Ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia hapo. Iweke ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila mwezi itoe, bonyeza shata mara kadhaa.

Jamaa wa Dubai au Muscat akikuletea filamu, mwambie aibebe mkononi, asiiweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwani mashine za huko huiunguza. Hata mizigo ya treni ya Mombasa hadi Nairobi hupitishwa kwenye mashine. Filamu ya ISO 400 kushuka chini kwa kawaida huvumilia kupita mara chache kwenye mashine ya kawaida, lakini omba ikaguliwe kwa mkono.

Ndugu msomaji, kama una mzee aliye hai, kaa naye wiki hii na bahasha moja ya negativu. Ielekeze dirishani, aangalie, akutajie majina na mwaka. Andika kwa penseli juu ya bahasha, si juu ya filamu. Kisha ifunue kamera yake, usome namba ya filamu iliyoandikwa mgongoni au ndani ya mlango. Ikiwa ni 35 au 120, inunulie mkanda mmoja, na picha ya kwanza umpige yeye, mlangoni pa nyumba yake, ingali imesimama.