Konokono wa Pwani na Mnyoo Aliyetumwa Kumwangamiza

Huenda bado unamkumbuka konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, yule ajitokezaye mashambani baada ya mvua, gamba lake likiwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Huko ughaibuni konokono huyo amekuwa na historia ndefu, na ndani ya historia hiyo yumo mnyama mwingine asiyejulikana sana: mnyoo bapa.

Tusikiapo juu ya minyoo bapa, wengi wetu hukumbuka tegu au kichocho. Hao ni vimelea. Lakini wako ndugu zao wengi waishio huru baharini, katika maji baridi na kwenye udongo wenye unyevu. Hawana moyo wala mapafu. Hewa hupenya kwenye ngozi, na ndiyo maana mwili wao ni mwembamba kama utepe. Kinywa kiko upande wa tumbo, na tundu hilo hilo hutoa mabaki ya chakula. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Zaidi ya hayo, mwaka 1898 mtaalamu wa Kimarekani, Thomas Hunt Morgan, alionyesha kwamba hata kipande kidogo sana cha mnyoo wa aina hii huweza kukua na kuwa mnyoo kamili.

Zamani wataalamu waliwatenga minyoo hao katika kundi lao, Turbellaria. Uchunguzi wa vinasaba umebainisha kuwa vimelea vyenyewe vilitokana na mababu walioishi huru, na hivyo mpaka huo umepoteza maana yake.

Turudi kwa konokono wetu. Kutoka Afrika Mashariki alifikishwa visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 1847 W. H. Benson alimchukua kutoka Mauritius hadi Calcutta. Baadaye alisambaa Asia na Pasifiki, ambako Wajapani walichangia kumweneza kama chakula na dawa. Kwa kuwa hutaga mamia ya mayai, alienea upesi na kuharibu mazao.

Wakubwa wa kilimo wakaamua kwamba dawa ya moto ni moto. Mwaka 1955 Hawaii ililetewa kutoka Florida konokono walao konokono wenzao. Wageni hao waliwageukia konokono wadogo wa asili, nao wakubwa wa Kiafrika wakaendelea kuwapo.

Ndipo macho yakaelekezwa kwa mnyoo bapa wa New Guinea, Platydemus manokwari, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1963 na kupewa jina la mji wa Manokwari. Urefu wake ni kama sentimita tano. Ni mweusi wa kahawia, na mstari mweupe hupita mgongoni. Hufuata ute wa konokono, hata juu ya mti, kisha hutoa mrija kutoka tumboni na kumnyonya windo lake. Mwaka 1978 alionekana Guam, na mwaka 1981 aliachiliwa katika kisiwa cha Bugsuk, Ufilipino. Konokono wa Kiafrika walipungua kweli, na wengi wakashangilia.

Shangwe hizo hazikudumu. Mnyoo hakubagua kati ya mharibifu na asiye na hatia. Mwaka 2000 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Mwaka 2015 Marekani iliwatangaza konokono wa miti wa Guam kuwa hatarini kutoweka, na mnyoo huyo alitajwa miongoni mwa maadui wao wakubwa. Wakati huo alikuwa amekwishaonekana Florida mwaka 2012, na mwaka 2013 katika banda la mimea mjini Caen, Ufaransa. Inaaminika kwamba husafiri kimyakimya ndani ya udongo wa vyungu vya mimea.

Msikilizaji, konokono wa Kiafrika hakujipeleka Pasifiki, wala mnyoo hakuomba kazi aliyopewa. Wote wawili walibebwa na binadamu. Konokono wa miti waliokwisha kutoweka visiwani hawatarudi, na anayesafirisha chungu cha maua kutoka nchi moja hadi nyingine ana sababu ya kutosha kuukagua udongo wake kwanza.