Picha za ukutani za jamii (pwani ya Kenya)

Picha za ukutani za jamii ni michoro mikubwa ambayo wakazi wa mtaa hupaka kwenye kuta za nje, wakiongozwa na msanii, ili kuurudishia mtaa uhai na kuwakutanisha majirani. Hazifanani na matangazo ya rangi yaliyojaa kwenye maduka, kwa kuwa hapa wenye mtaa ndio wanaoamua kichorwe nini.

Kuchora ukutani si jambo geni pwani. Katika magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, kuna vyombo vya bahari vilivyochanjwa kwenye lipu, na Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa 1593–1596, imehifadhi meli na watu waliochorwa na Wareno kwa makaa na udongo mwekundu. Kazi ya pamoja kwa ajili ya mtaa ilivuma baadaye, hasa Chicago mwaka 1967, wasanii Weusi walipochora Ukuta wa Heshima.

Mfano wa Kenya unaojulikana sana uko Kibera, Nairobi. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa huko mwaka 2001 na wachoraji wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwenzao Solomon Muyundo, maarufu kama Solo7, alizunguka akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, malango na vibanda. Mwaka 2015 msanii Yazmany Arboleda alianzisha mradi wa kupaka nyumba za ibada rangi ya manjano, na Waislamu na Wakristo wakashika brashi pamoja. Ujasiri wa namna hiyo unastahili kukumbukwa kuliko uzuri wa picha yoyote.

Tukirudi pwani, Malindi ina mazingira yake. Kuta kuukuu za Shela, mtaa wa huko Malindi, ni za matumbawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu na chumvi ya bahari. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake huziba unyevu ndani, ikafura, kisha ikabanduka kwa magamba. Ukuta wa aina hiyo husuguliwa kwanza, ukapakwa chokaa na kuachwa ukauke vizuri. Majira ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo yanayofaa, kabla ya mvua za masika. Mchoro huanzishwa kwa kamba na chaki. Watoto hujaza rangi sehemu za chini, na fundi akamalizia kingo akiwa juu ya ngazi.

Kabla ya yote hayo, mwenye ukuta huombwa ruhusa na wazee wa mtaa hushirikishwa. Mazungumzo hayo hayapaswi kuharakishwa, kwa sababu ndimo majirani wasiosemezana hulazimika kukaa pamoja. Hata mchoro uliopakwa vyema hufifia kwa jua na chumvi, hivyo mtaa unaopanga kuchora utenge tangu mwanzo rangi na fedha za kuupaka upya.