Kidonge cha mafua, mimba, na makosa mawili ya historia

Julai iliyopita nilikuwa Bombo, wilayani Same, kwenye Milima ya Pare. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikaa hadi saa nne asubuhi. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi miwili, na mafua yalikuwa yamemnyima usingizi siku tatu mfululizo. Tukaenda duka la dawa. Muuzaji alikuwa ameshaweka vidonge mezani, lakini aliposikia habari ya mimba akavirudisha kabatini haraka. "Mjamzito simpi. Kanywe chai ya tangawizi."

Njiani wifi akaniuliza: "Wifi, si wewe unasoma mambo ya dawa? Kwani vile vidonge vina sumu?"

Sikuwa na jibu la mkato. Hofu ya yule muuzaji ina historia, na historia hiyo ina makosa mawili yanayopingana.

Kosa la kwanza lilikuwa kuamini bila kupima. Mwaka 1957 Daniel Bovet alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyohusisha antihistamini, yaani familia ya dawa za mzio na chafya ambamo imo piriton tunayoijua sote. Mwaka huohuo, Oktoba, kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iliyoitwa Contergan. Ndani yake kulikuwa na thalidomaidi. Watu wengi hawajui kwamba mwaka mmoja nyuma kemikali hiyo ilikuwa imeshaingizwa kwenye dawa ya mafua, Grippex. Uingereza nako ilichanganywa kwenye dawa ya pumu.

Wajawazito waliitumia kupata usingizi na kutuliza kichefuchefu. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, ingawa haikuwa imepimwa kwa wanyama wenye mimba. Desemba 1956, kabla hata Contergan haijafika sokoni, mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alipata mtoto asiye na masikio. Alikuwa amempelekea mkewe mjamzito sampuli za dawa nyumbani. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili hadi 1961, pale Widukind Lenz huko Ujerumani na William McBride huko Australia walipotoa tahadhari. Inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 duniani waliathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Siku za hatari zilikuwa takribani ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa. Fikiria hapo: wanawake wengi siku hizo hata hawajajua kama wana mimba.

Marekani iliepuka sehemu kubwa ya janga hilo kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa serikalini, aligoma kuidhinisha ombi la kampuni ya Richardson-Merrell. Kila walipomsukuma, aliwadai ushahidi zaidi. Mwaka 1962 sheria ikabadilishwa: kampuni ithibitishe kwanza kwamba dawa inafanya kazi, ndipo iuze.

Kosa la pili lilikuwa kuogopa bila ushahidi. Kampuni hiyohiyo ya Merrell ilikuwa ikiuza Bendectin tangu 1956, mchanganyiko wa antihistamini na vitamini B6 kwa ajili ya kichefuchefu cha mimba. Baada ya thalidomaidi, kesi za madai zikamiminika. Tafiti nyingi hazikuona kwamba inaharibu watoto, lakini gharama za mahakamani zilizidi, na 1983 ikaondolewa sokoni. Je, ulemavu wa kuzaliwa ulipungua? Hapana. Walioongezeka ni wajawazito waliolazwa kwa kutapika sana. Mwaka 2013 mchanganyiko wa antihistamini ileile na vitamini ileile uliidhinishwa tena Marekani.

Hofu ilifanya jambo jingine. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya awali ya dawa. Mwongozo huo ulikaa hadi 1993. Nia ilikuwa kuwalinda. Matokeo yake, dawa nyingi zikaingia sokoni bila taarifa za wajawazito, na kwenye boksi pakaandikwa tu "muone daktari". Ukiwa mlimani, na daktari yuko mbali, maneno hayo hayakusaidii kitu.

Sasa, tunajua nini leo? Piriton imetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi, na tafiti hazijaonyesha kwamba inaongeza ulemavu, ingawa inaleta usingizi. Parasetamoli kwa dozi sahihi na kwa muda mfupi ndiyo huchaguliwa kwanza kwa homa na maumivu. Sudoefedrini, ya kuzibua pua, hushauriwa iepukwe miezi mitatu ya mwanzo. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kudhuru figo za mtoto kuanzia wiki ya 20, onyo ambalo Marekani ililitoa 2020. Shida ni kwamba kidonge kimoja cha mafua kinaweza kubeba dawa tatu au nne kwa pamoja. Kwa hiyo swali la "kidonge cha mafua ni salama?" halina jibu mpaka usome kilichomo.

Hapa kwetu, maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa bora na muuzaji aliyefundishwa. Ni hatua kubwa. Lakini muuzaji naye anahitaji taarifa, si hofu tu.

Kesho yake wifi alienda kliniki. Nesi alimuuliza mimba ina wiki ngapi, akampima joto, akampa parasetamoli peke yake na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Tangawizi hakuikataza. Usiku ule wifi alilala.

Nawe ukifika dirishani na mimba yako, taja wiki, uliza kidonge kina nini ndani, na omba dawa yenye kitu kimoja. Frances Kelsey naye alianza kwa kuuliza tu.